Jinsi ya kumtii Mungu kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza

Wapendwa, wacha nianze na kondoo. Mfalme Sauli, aliyeambiwa awaangamize Waamaleki na mifugo yao yote, katoka vitani, anamlaki nabii Samweli kwa furaha na salamu ya baraka kabisa, anamwambia nimeitimiza amri ya Bwana, na nyuma yake kondoo wanalia. Yani mtu anatoa ushuhuda na ushahidi wa kumpinga uko palepale unapiga kelele. Samweli akamuuliza tu, sasa hiki kilio cha kondoo ninachokisikia ni cha nini? Isome 1 Samweli 15 taratibu, maana mi kwa miaka mingi niliisoma nikidhani ni stori ya mtu aliyemwasi Mungu waziwazi, kumbe Sauli hakukataa kwenda. Alienda, akapigana, akashinda, akafanya sehemu kubwa ya alichoambiwa, akabakiza vile vilivyompendeza macho, alafu akavipa jina la kiroho, eti tumewabakiza ili tumtolee Bwana dhabihu. Na jibu alilopewa tunalijua wote, kutii ni bora kuliko dhabihu.

Niseme mapema, amri ile ya vita alipewa mfalme yule kwa habari ya Waamaleki, hajaachiwa mtu yeyote leo, na ukisikia mtu anasema Mungu kamtuma amdhuru mwenzake basi usikae kumsikiliza, kamtolee taarifa. Tunachokitafuta pale ni moyo wa Sauli, maana moyo ule ninao na nadhani na wewe unao.

Hapa siongelei kama tumtii Mungu au tusimtii. Hilo ukiliuliza kanisani kila mtu atasema amina. Shida iko kwenye namna. Unaamka asubuhi, una Biblia mkononi, unataka kutii kweli, unaanzia wapi?

Anza kwa kujua amri unayoisoma aliambiwa nani. Sio kila sentensi yenye neno "fanya" kwenye Biblia ni ya kwako. Nuhu aliambiwa ajenge safina ya dhiraa 300 urefu, 50 upana na 30 kimo, na alitii, Mwanzo 6:22 inasema alifanya yote kama Mungu alivyomwamuru, ila wewe hujaambiwa ujenge. Dhabihu za wanyama zimefikia mwisho wake kwa Kristo, kasome Waebrania 10. Habari ya tohara kwa watu wa mataifa mitume walikaa Yerusalemu wakaijadili mpaka wakafikia uamuzi, iko Matendo 15. Wapo wanaoiruka hatua hii wakajikuta wamebeba mizigo ambayo hakuna aliyewabebesha, na wapo wanaoitumia kama mlango wa kutokea, kila amri inayowauma wanasema hiyo ni ya zamani. Sasa kipimo ninachotumia mimi ni kile alichosema Bwana mwishoni mwa Mathayo, mitume wawafundishe wanafunzi kuyashika yote aliyowaamuru. Kwa hiyo kama Yesu kaiamuru, au mitume wake wameyaandikia makanisa, hiyo usitafute pa kuipitishia, ni yako. Wapende adui zako ni yako. Ndiyo yenu iwe ndiyo, ni yako.

Alafu chukua amri moja. Moja tu. Ukisema kuanzia leo natii zote, kesho kutwa utakuwa umezisahau zote. Na ukishaichukua chukua na kalamu, pigia mstari kila kitenzi. Naomba hapa tukae kidogo kwa sababu wengi wetu tunasoma Biblia kwa kupata hisia yake, tunajua mstari unaongelea nini kwa jumla na tunatii hiyo jumla.

Tazama Waefeso 4:28. Mwibaji asiibe tena. Ukiuliza watu mstari huu unasema nini watakwambia unasema tusiibe, basi, na kwa kuwa siibi nimeshautii. Ila endelea kusoma, vitenzi viko vitatu, asiibe, afanye juhudi akitenda kazi nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Kumbe amri haijaisha mpaka kuna mtu mhitaji kapokea kitu kutoka kwenye mkono uleule uliokuwa unaiba! Mtu aliyeacha kuiba akakaa tu hajaumaliza huo mstari, na aliyefanya kazi kwa bidii akala peke yake naye hajaumaliza.

Au Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Kitenzi cha kwanza ni kwenda, maana yake usikae nyumbani ukisubiri aje mwenyewe ajue kakosa. Cha pili ni kumwonya, sio kumnunia. Na kuna yale maneno mawili ya mwisho, peke yenu. Hayo mawili ndo yanayokufa kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu kakosewa na mmoja anawaeleza arobaini, na anaamini kabisa amefuata Biblia kwa sababu "amelisema". Hajalisema kwa aliyeambiwa amwambie.

Ukishaona vitenzi vyako, jichunguze unataka kupunguza wapi. Nitawaambia ya kwangu. Niliwahi kumsema vibaya dada yangu mkubwa kwa ndugu wengine, neno moja la uongo kuhusu yeye lililotoka mdomoni kwa hasira, na likamfikia. Hatukuwa tunaongea. Jumapili moja asubuhi najiandaa kwenda ibadani, bahasha ya sadaka nimeshaiweka ndani ya Biblia, na nilipoifungua ikafunguka Mathayo 5, ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako". Nikajua nimeambiwa mimi. Na sikukataa, hapo ndo napataka muone, sikusema siendi. Nilianza kupunguza. Kwanza nikaongeza kiasi kwenye bahasha. Alafu nikasema nitamwombea leo kwenye maombi, tena kwa jina. Alafu nikachukua simu nikaandika meseji, dada kama kuna mahali nilikukosea naomba unisamehe. Nikaisoma. Kidole kiko kwenye kutuma. Na lile neno "kama" likanikaa kooni, maana nilikuwa najua nimekosea wapi, siku ipi na mbele ya nani, sasa "kama" ya nini? Huyo alikuwa kondoo wangu analia. Na tena maandiko yanasema uende zako, hayakusema umtumie ujumbe.

Nikaifuta ile meseji, bahasha nikaiacha mezani, nikaenda kwake. Nilimkuta anaanika nguo. Nikamwambia nilisema hivi, nilimwambia fulani na fulani, na haikuwa kweli, naomba unisamehe, na hao niliowaambia nitarudi kuwaambia nilidanganya. Hakujibu. Aliendelea kuanika, shati moja baada ya jingine, mi nimesimama pale sijui niondoke au nikae, mpaka beseni likawa tupu, ndo akaniambia ingia ndani. Hatukupatana siku ile, ilichukua miezi, na wale wengine kuwarudia ilikuwa aibu kubwa kuliko ya kwake. Ila kulikuwa na kitu kimoja nilikipata siku hiyohiyo nikiwa narudi, nilikuwa naweza kuomba tena bila kuzunguka zunguka.

Angalizo muhimu, mstari ule unamwambia aliyekosa akapatane, haumwambii anayepigwa au kunyanyaswa arudi akapigwe tena. Warumi 12:18 inasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae kwa amani na watu wote. Kuna mahali upande wako unaishia. Usimruhusu mtu akutishe kwa jina la utii ukae kwenye hatari.

Sasa kuongeza. Hili watu hawalionagi kama dhambi kwa sababu linafanana na bidii. Kumbukumbu la Torati 12:32 iko wazi, usiongeze wala usipunguze, vyote viwili vimewekwa kwenye kapu moja. Angalia bustanini, Mungu alisema matunda ya mti ule msile, Eva akimjibu nyoka anasema tusile wala tusiyaguse. Neno kugusa halikuwepo kwenye amri tunayoisoma Mwanzo 2. Sitasema kuongeza huko ndo kulimwangusha, maandiko hayasemi hivyo, ila naona hatari yake, ukishachanganya neno la Mungu na la kwako, siku la kwako likianguka linaweza kuanguka na la Mungu. Mafarisayo walifika mbali zaidi. Marko 7 Yesu anawaambia mmekuwa mkilitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu, na anatoa mfano wa Korbani, mtu anasema mali ambayo ingemsaidia baba au mama yake ni wakfu kwa Mungu, basi wazazi wanakosa msaada na yeye anaonekana mtu wa kiroho. Amri ya waheshimu baba yako na mama yako imefutwa kwa kutumia sadaka. Naona ni Sauli yuleyule karudi, dhabihu inatumika kufunika kutotii.

Ila msikimbilie upande wa pili mkasema basi mambo madogo hayana maana. Yesu alipowakemea Mafarisayo kwa kulipa zaka za mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili na rehema na imani, alimalizia kwa kusema haya imewapasa kuyafanya wala yale mengine msiyaache. Makubwa kwanza, madogo usiyatupe. Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, naye alitaka kuondoka kwa hasira kwa sababu aliloambiwa lilikuwa dogo mno, kaoge Yordani mara saba, watumishi wake ndo waliomtuliza wakamwambia ungeambiwa jambo kubwa usingelifanya?

Kuna kitu kingine nilichelewa sana kukielewa, kwamba Mungu anaangalia na njia, sio lengo peke yake. Daudi alitaka kulileta sanduku la Mungu Yerusalemu, lengo zuri kabisa, akakusanya watu 30,000, vinanda, vinubi, matari, matoazi, na wakalipandisha kwenye gari jipya. Gari jipya! Mtu angesema wamemheshimu Mungu, hawakutumia gari chakavu. Ila lile wazo la gari walilitumia Wafilisti walipolirudisha sanduku, 1 Samweli 6, na Wafilisti hawakuwa na torati. Israeli walikuwa nayo. Kasome Hesabu 7, Musa alipokea magari 6 na ng'ombe 12, akawagawia koo za Walawi, wana wa Gershoni magari 2, wana wa Merari 4, na wana wa Kohathi hakuwapa hata moja kwa sababu kazi yao ilikuwa kubeba vitu vitakatifu mabegani. Kwa hiyo gari halikukosekana, lilikuwepo na likazuiliwa makusudi. Sasa siku ile ya Daudi ng'ombe wakajikwaa, Uza, mmoja wa waliokuwa wakiliendesha gari, akanyoosha mkono kulishika sanduku, akafa palepale. Kila tunaposoma tunamuonea huruma Uza, hata mimi, Daudi mwenyewe iliandikwa aliona uchungu. Lakini sanduku lingekuwa begani kusingekuwa na ng'ombe wa kujikwaa. Kosa lilianza pale walipofunga gari, wakati watu wote wanaimba.

Kwa hiyo kwenye amri yako moja uliyoichagua, jiulize pia imeelekezwa ifanywe vipi. Kutoa sadaka ni amri, na njia imetajwa, Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kuume. Kusema kweli ni amri, Waefeso 4:15 inaongeza katika upendo. Mtu anasema ukweli kwa kumvua nguo mwenzake hadharani alafu anajitetea nilisema kweli tu. Huyo kalipandisha sanduku kwenye gari.

Na msidanganywe na matokeo. Hesabu 20, Musa aliambiwa auambie mwamba utoe maji, yeye kwa hasira akaupiga kwa fimbo mara mbili, na maji yakatoka tena mengi, watu wakanywa na mifugo yao. Ukiwa umesimama pale ungesema Mungu amekubali. Na bado Musa kwa ajili ya hilo hakuingia nchi ya ahadi. Kinachonigusa zaidi ni kwamba huko nyuma, Kutoka 17, kweli aliwahi kuambiwa aupige mwamba. Yani alifanya la zamani wakati ameambiwa la leo. Huduma inaweza kukua, watu wanaweza kubarikiwa, maji yanaweza kutoka, na wewe uliyeshika fimbo ukawa hujatii. Hilo linanitisha kuliko habari ya Uza.

Kuhusu sauti za watu wengine niseme kwa kirefu kidogo maana naona ndugu wengi wanaumizwa hapa. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliambiwa asile chakula, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoendea. Mfalme Yeroboamu akamkaribisha, akakataa kwa ujasiri, hata ukinipa nusu ya nyumba yako siji. Alafu akaja nabii mzee wa Betheli akamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, malaika kaniambia kwa neno la Bwana nikurudishe ule. Biblia inaongeza maneno machache tu, akamdanganya. Akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Alishinda jaribu la mfalme akaangushwa na mtumishi mwenzake. Kwa hiyo mtu akija na "Bwana ameniambia nikwambie" na anachosema kinapingana na kilichoandikwa, hata awe mzee wa heshima namna gani, hata awe ndo aliyekulea kiroho, kaa na kilichoandikwa. Petro na mitume mbele ya baraza walisema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kiongozi mwema hatakukataza kupima neno lake, tena atafurahi. Anayekwambia kunihoji mimi ni kumuasi Mungu, jua kajiweka kiti kisicho chake. Kumtii Mungu kwa usahihi na kumfuata mtu kwa macho yaliyofungwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na naumia vikichanganywa.

Muda nao, kwa ufupi. Zaburi 119:60, nalifanya haraka wala sikukawia kuyatii maagizo yako. Abrahamu jaribu lake kubwa kuliko yote, la kumtoa Isaka, aliamka asubuhi na mapema. Ukishajua cha kufanya weka saa, sio "wiki hii". Nimeona kwangu kila saa inayopita naongeza sababu nyingine.

Pengine unasoma hivi na unaona mzigo unakua. Mi nilifika hapo, nikawa mtu wa kuhesabu, kila usiku najipa maksi, nikishinda najivuna nikishindwa nalia. Kilichonisaidia ni kuona mpangilio wa Waefeso 2, mstari wa 8 na 9 tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, alafu wa 10 tumeumbwa tutende matendo mema. Hatutii ili tupokelewe, tumeshapokelewa ndo tunatii. Hata kule Kutoka 20, kabla ya amri ya kwanza Mungu anasema mimi niliyekutoa katika nchi ya Misri, katoa kwanza kaamuru baadaye. Na nguvu nayo kaahidi, Ezekieli 36:27, nitatia roho yangu ndani yenu na kuwaendesha katika sheria zangu. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye hiyo amri yako omba kwa maneno mafupi, Bwana hili siwezi na sitaki, nipe kutaka na nipe kutenda. Wafilipi 2:13 inataja vyote viwili, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Mi ile Jumapili niliomba hivyohivyo njiani, sikuwa nataka hata kidogo.

Na ukikuta umeshakosea, umeenda nusu, umetumia gari badala ya bega, fanya kama Daudi alivyofanya baada ya Uza. Hakuacha kulileta sanduku. Lilikaa miezi 3 nyumbani kwa Obed-edomu, na yeye akarudi kwenye maandiko, 1 Nyakati 15 anawaambia Walawi waziwazi kwamba mara ya kwanza ninyi hamkulibeba, hatukumtafuta Mungu kama ilivyoamriwa. Hakumlaumu ng'ombe wala Uza. Sauli alipobanwa alisema watu ndo waliochukua, Daudi akajihesabu humohumo kwenye kosa. Kwa hiyo rudi ulipopunguza, litaje kosa bila "kama", tengeneza kinachotengenezeka, kisha anza upya na amri ileile, usihamie nyingine kwa sababu hii ilikushinda.

Mara ya pili Walawi walilibeba mabegani kwa miti yake kama Musa alivyoamuru. Na 2 Samweli 6:13 inasema walipokwisha kwenda hatua sita, Daudi akachinja dhabihu. Hatua sita tu, Yerusalemu bado iko mbali, na tayari ameshasimama kumshukuru Mungu kwamba safari hii sanduku liko mahali lilipoambiwa liwe.